Toka mu Ile Parcelle

Mahagi-Port, tarehe 4 Februari 2024

Musoki yangu,

Nakusalimia sana. Natumaini afya iko. Miye niko, mugongo tu inauma, juu ya kusimama ku soko tangu asubui.

Tante Brigitte alinipigia. Anasema ulitoka kwake, ukabeba matandiko yako, ukaingia kulala mu parcelle, ile kiwanja ya maombi ya ule Mutumishi Stéphane, kulekule Bunia, nyuma ya mutaa ya Mudzipela. Anasema uliacha masomo ya infirmière, ya kutunza wagonjwa, na mwaka moja tu inabaki. Unafunga kula mpaka mashavu imeingia ndani. Na ulimuambia kama yeye iko mulozi.

Mulozi? Brigitte, muchawi? Mwanamuke mwenye anaogopa kuchinja kuku?

Telefone yako haipite tena, ndiyo maana naandika. Brigitte atakuletea barua mwenyewe. Rudi kwake mbele ya Jumapili. Ukikataa, usiniite tena mama.

Miye, Madeleine

*

Bunia, tarehe 18 Februari 2024

Mama,

Amani ya Waliochaguliwa iwe na weye. Niko muzima, roho na mwili.

Barua yako ilifika. Mutumishi aliisoma ku ibada, mbele ya watu wote. Alipofika pale uliandika nisikuite mama, akafunga karatasi, akasema: "Munaona? Shetani ameandika na mukono yake." Watu wakapiga makofi. Nililia, Mama. Halafu wakanikumbatia.

Hata hukuuliza juu ya nini nilikuja hapa. Wakati watu wa bunduki waliua Joséphine ku njia ya Fataki, rafiki yangu wa benchi moja, nilikupigia. Ulisema: "Pole, tia moyo, usiache mitihani." Makelele ya soko ilikuwa nyuma yako, ukakata. Hapa walikaa chini na miye mpaka machozi ilikauka. Hapa hakuna mutu anakata.

Usiandike tena.

Musoki

*

Mahagi-Port, tarehe 3 Machi 2024

Musoki,

Habari ya mwili? Unakula? Naanza na chakula kwa sababu nisipoanza hapo nitaanza na matusi.

Ile neno ya mwisho nilikosea, naifuta. Lakini hasira siifute. Si juu yako. Ni juu ya mwanaume mwenye anasoma barua ya mama na mutoto wake kama tangazo. Stéphane, kama unasoma na hii kwa sauti, soma muzuri! Miye Madeleine nauza makayabu, samaki ya chumvi, ku Mahagi-Port, kila mutu ananijua. Weye, mbele ya kufika Bunia ulikaa wapi? Watoto wako wanasoma wapi? Juu ya nini wao wanaenda ku masomo, na watoto ya wengine wanaacha?

Sasa narudi kwako, Musoki. Ile siku ya Joséphine, nilipokata simu nililia nyuma ya mifuko ya samaki. Sikutaka usikie. Ilikuwa mubaya. Ilifaa nipande gari, nikuje.

Sitabishana na weye juu ya Mungu. Mulango ya Brigitte iko wazi. Unaweza kuja kula tu, na urudi. Hakuna mutu atakukamata.

Mama yako

*

Mahagi-Port, tarehe 14 Aprili 2024

Musoki yangu,

Salamu. Ulikula Pasaka? Hujibu, na Brigitte wanamufukuza sasa ku mulango. Alikuona mbali, unabeba maji, kichwa imenyolewa.

Wiki yenye ilipita nilikuja Bunia miye mwenyewe. Wanaume wawili ku mulango ya parcelle wakaniambia: "Mutu wa jina ile hapa haiko." Nikakuita mpaka sauti ikakatika. Nikaenda ku police. Mukubwa wao akasema: "Mama, binti yako ni mutu mukubwa, anaomba Mungu. Kosa iko wapi?" Alikuwa anakula karanga. Nilitamani kuangusha ile meza yake.

Nitaandika kila wiki. Stéphane azisome, azichome, nitaandika.

Mama yako

*

Bunia, tarehe 23 Mei 2024

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia. Tante alikuambia kama niko kwake. Siko muzima sana, lakini nakula muchele polepole. Naandika kwa sababu ku simu ningelia, na singesema yote.

Ile siku uliniita, nilikuwa ndani ya jiko. Nilikusikia. Nilijiuma mukono nisiitike.

Sikutoka juu yako, nakuambia ukweli. Nilitoka juu ya Débora, msichana wa Boga mwenye tulilala naye mu parcelle, angali mutoto. Malaria ilimushika, macho ikakuwa manjano, akaanza kusema maneno haina kichwa. Ile dalili nilijifunza ku masomo. Nikamuambia Mutumishi: "Apelekwe ku hopitali sasa, ama atakufa." Akasema: "Masomo yako ni pepo. Ongeza kufunga." Wakamuwekea mikono. Na miye nikangoja, Mama. Miye mwenye nilijua!

Mwili yake ilipoanza kukakamaa, nikamubeba ku mugongo. Ku mulango wakanizuia. Nikapiga makelele: "Munipige! Munipige, watu wa njia waone!" Watu wa soko wakasimama, wakaangalia. Wale wanaume wakafungua.

Alifia ku hopitali.

Mutumishi anasema miye nilimuua, kwa sababu nilimutoa mu maombi. Kuko sehemu ya kichwa yangu inamuamini bado. Naamka na ile kila asubui. Kule walitufundisha kama hasira ni ya shetani. Sasa iko mu tumbo yangu, na sitaki mutu aombe itoke.

Jérôme, baba ya Débora, amefika. Ijumaa ya wiki ijayo tunaenda ku parquet, kwa muendesha mashitaka, kushitaki Mutumishi. Nitasema jina ya kila mutu mwenye alisimama ku ule mulango. Wasichana wengine wangali mule ndani.

Usikuje kunipeleka Mahagi. Kuja usimame na siye.

Mutoto yako, Musoki

*

Mahagi-Port, tarehe 27 Mei 2024

Musoki yangu,

Dereva wa hii barua anaondoka sasa na gari yake imejaa. Miye nafuata na ya kesho. Samaki nimeachia jirani.

Ku parquet utasema weye. Miye nitasimama nyuma yako na nitajaribu kunyamaza. Wakianza tena kula karanga, sitaahidi kitu.

Umuambie Brigitte atandike mikeka yote mu salon na apike sufuria kubwa. Wale wasichana wakitoka, hawatakuwa na nguvu ya kwenda mbali.

Mama yako, Madeleine