Faili la Ijumaa

Jumatatu, 7 Machi
Seva ya ofisi yetu ya upimaji viwanja imejaa tena. Kila siku inaandika faili: nani kaingia, kwa kompyuta ipi, kabadilisha nini. Jina la faili ni tarehe, basi yanarundikana tu. Godi kasema niyaite kwa siku za wiki. Yanabaki saba, Jumatatu mpya inafuta ya zamani. Nimefanya. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, simbishii.

Alhamisi, 24 Machi
Kesho Ijumaa Kuu. Nimezima seva, nimefunga ofisi mpaka Jumanne. Godi kapanda kwao Nkoaranga, ana kwaya. Kaniahidi ndizi.

Jumanne, 29 Machi
Balaa. Kaja Mama Penieli, mjane wa Ngaramtoni. Kiwanja chake cha Elerai, tulichokipima wenyewe, kwenye kompyuta kina jina la mtu mwingine. Kimebadilishwa Ijumaa ya tarehe 18, kwa nywila yangu. Yangu! Sikugusa, wallahi. Mama hakufoka. Alikaa kwenye benchi akilia kimya, na hilo ndilo lililonimaliza.
Bosi kanipa siku moja nijieleze, la sivyo niondoke.
Godi kanifariji: pole dada Mwanaidi, faili la Ijumaa ile limeshafutwa na la Ijumaa iliyofuata, hakuna cha kufanya. Nywila aliniwekea yeye. Astaghfirullah, nawaza nini mimi? Kaniletea na mkungu mzima.

Jumatano, 30 Machi
Asubuhi napiga mswaki, jirani ananiuliza sikukuu nilikula wapi. Nikaganda. Ijumaa Kuu seva ilikuwa imezimwa! Haikuandika kitu. Haikufuta kitu.
Nimekimbia mpaka ofisini. Faili la Ijumaa lipo, la tarehe 18, zima. Saa saba mchana, nywila yangu, kompyuta ya Godi. Saa ile mimi nilikuwa msikitini, naye anajua.
Sasa naelewa zile siku saba zilikuwa za nini. Mnafiki mkubwa. Kaimba Ijumaa Kuu nzima, halafu kaisahau!
Nimelichapa faili, nimempa bosi. Godi kaniambia jambo moja tu: ungeniuliza kwanza.
Ndizi nimempa mlinzi.

Ijumaa, 1 Aprili
Mama Penieli karudishiwa jina lake. Kanishika mikono yote miwili.
Mafaili nimeyarudishia tarehe kamili. Seva ijae tu.
Kwenye kuandika jina la faili nilikwama kidogo. Nikageuka nimuulize Godi.
Kiti kitupu. Nimeangalia kitabu cha maelekezo.