Tonge la Tope mu Mtungi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Rugenge tuko wazima, mama yako amepona malaria. Ila mvua iko Rurambo, kule milimani mto unakotoka, na mto unapanda. Moyo wangu haujatulia.

Unauliza kama tope la mto linafaa kujengea. Wakati wa vita babu yako alizoa tope lililoziba mto, miye nikalichanganya na simenti kidogo na pumba za mchele liwe jepesi, maana huku kando ya ziwa ukuta mzito unazama. Nikatumbukiza tonge moja mu mtungi wa maji: lisipoyeyuka siku tatu, tunajenga. Siku ya pili risasi zikalia, tukakimbia.

Tuliporudi, milango ilikuwa imeibwa. Nikatia mkono mu mtungi. Tonge lilikuwa gumu kama jiwe.

Ukuta tuliojenga ndio ninaouegemea sasa, nikisikiliza mto.

Bibi yako