Suruali ya Jirani

Kaka Ilmo,

Hapa Savo hatujambo. Badala ya theluji inanyesha mvua, na barafu ya ziwani imekuwa nyeusi, dalili kwamba imedhoofika.

Jana babu alirudi kutoka kuvua samaki barafuni akiwa amevaa suruali ya jirani yetu Urho. "Yangu imechanika," alisema. Lakini misumari yake ya shingoni, ile ya kujivutia juu barafu ikipasuka, ilikuwa nje ya ala, na viganja vyake vimechubuka.

Nilimwomba asiende tena. Akacheka. "Bibie, vitabu vimekujaza woga. Samaki watakuja jikoni wenyewe?"

Nimemwambia utakuja Jumamosi, asikanyage barafu bila wewe. Ameshakutolea kiti. Mimi sijui kudanganya, kaka. Tafadhali njoo, iwe kweli.

Mdogo wako,
Saimi