Nilifumua Kola ya Mwanangu, Sasa Anataka Kuacha Kazi

Mpendwa mshauri, msaada wako nauomba huku nimeinamisha uso, na ukitaka kunicheka nicheke tu, maana wifi yangu amekwisha kukutangulia. Mimi ni fundi cherehani, nashona sebuleni kwangu mwaka wa thelathini na moja huu, shule niliishia darasa la nne kwa hiyo mwandiko utanisamehe, lakini nionyeshe shati lolote mara moja tu na kesho nakupa pacha wake. Nina binti mmoja, ana miaka thelathini na sita, nakaa naye, yuko ofisi ya bima, kazi yake ni kugonga mihuri kwenye fomu za watu waliogongwa na magari, anakalia kiti kinachozunguka, feni juu ya kichwa, na mimi kila mteja akija kupimwa lazima nimwambie binti yangu yuko ofisini, hata kama hakuniuliza.

Sasa miezi mitano iliyopita akaniambia, "Mama, nimerudi shule, nasoma kwa mtandao." Nikapiga vigelegele, nikajua ni mambo ya uhasibu apandishwe cheo, nikamuuliza anasomea nini, akatazama chini akasema, "Ushonaji." Mshauri, nilikaa juu ya pini. Ushonaji! Kwenye kompyuta! Humu ndani cherehani zipo mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme, mama mzima nipo na meno yangu yote, yeye anajifungia chumbani kufundishwa na mwalimu wa kwenye kioo, msichana mdogo kajivisha futi shingoni kama mkufu, anashika mkasi kama anayekata kucha za mtoto mchanga, anasema "leo tutafahamiana na uzi." Tutafahamiana! Wifi yangu aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Wewe una kisima uani na mtoto anaagiza maji kwa simu."

Nilimuuliza binti kwa nini asiniulize mimi, akajibu, "Mama, kule ofisini jioni ikifika sioni nilichokifanya. Nataka kazi ninayoweza kuishika mkononi. Na wewe si ulisema cherehani si yangu?" Ni kweli nilisema. Alipokuwa mdogo kila akigusa gurudumu nilimpiga vidole na rula ya mbao, nikamwambia mimi nimepinda mgongo hapa ili wewe ukakae kwenye kiti cha maana, kashike kitabu.

Basi kazi zao za nyumbani ni kushona, wanapiga picha, wanatuma, mwalimu anatoa alama. Ya kwanza ilikuwa aproni. Mshauri, pindo lile lilianza vizuri upande wa kulia, likafika upande wa kushoto limeshapanda shibiri nzima, akapata arobaini na moja, mwalimu akaandika "pindo lako linasafiri," na mwanangu akala bila kuinua kichwa. Ya pili ikawa sketi yenye zipu, akaiacha mezani kwangu asubuhi akaenda ofisini ili akirudi aipige picha, na ile zipu imevimba kama nyoka aliyemeza yai, nikajizuia saa nne, nikajizuia saa tano, saa sita nikachukua wembe. Niliifumua nikaiweka upya, nikaipiga pasi, nikaikunja vilevile alivyoikunja. Alipata themanini na nane. Alinikumbatia akaruka, "Mama, mkono umefunguka!" Nikasema hongera mwanangu.

Ya tatu ilikuwa shati. Kola ncha moja ndefu nyingine fupi, kama masikio ya mbwa aliyetoka kupigana, nikaifumua, mabega nikafumua, mikono nikafumua, kilichobaki chake ni matundu ya vifungo tu, maana aliyashona kwa sindano ya mkono na yalikuwa yametulia, sijui alijifunza wapi, hayo sikuyagusa. Tisini na nne! Mwalimu akalionyesha shati darasa zima, akayavuta yale matundu karibu na kioo akasema hapa ndipo fundi anapojulikana. Na sasa mwanangu amechapa barua ya kuacha kazi, anaipeleka mwisho wa mwezi, na wiki mbili baada ya hapo ndiyo mtihani wa mwisho, kushona kola mbele ya kamera, mwalimu anatazama, na mimi siwezi kuingia chini ya meza nimshonee. Nikimwambia ukweli atanichukia na pengine shule yenyewe ataiacha, nikinyamaza anatupa kazi yake kwa sababu ya kola yangu. Akili imeniruka, juzi nimemshonea mteja blauzi yenye mikono miwili ya kushoto. Nifanye nini?

Mama Fundi Asiye na Raha

MSHAURI ANAJIBU

Mama Fundi, pole. Pole nimeshasema, sasa weka sindano chini usikilize.

Wanafunzi wanaoibia mitihani nimewasikia wengi, lakini wewe ndiye mzazi wa kwanza kuniandikia kwamba ameuibia mtihani kwa ajili ya mtoto wa miaka thelathini na sita, na mtoto mwenyewe hana habari. Na uliishia darasa la nne ukapata tisini na nne! Yule msichana unayemcheka kwa kushika mkasi vibaya ndiye aliyekupa alama ambazo hukuwahi kupewa na mwalimu yeyote, na nina hakika zilipotoka ulijipongeza kimoyomoyo. Usibishe. Hiyo alama ya mshangao umeiweka wewe.

Unashangaa mwanao alikwendaje kwenye kompyuta na wewe upo. Kompyuta haina rula, mama.

Ulimpiga vidole asiguse gurudumu, ukamtafutia kiti kinachozunguka, ukakitangaza kwa kila aliyeleta suruali ya kupunguza, na miaka yote hiyo hukumuuliza kama kinamfaa. Alipotafuta kwa hiari yake kitu cha kukipenda, ukasubiri saa sita ukamwendea na wembe. Wewe unaita huruma. Huruma ingengoja jioni, ingemwambia, "Zipu hii imevimba, vuta kiti nikuonyeshe." Uliihurumia zipu.

Lakini kuna mstari mmoja umeuandika ukaupita mbio. Matundu. Wewe mwenye wembe usio na breki, uliyefumua kola, mabega na mikono, ulifika hapo mkono ukasimama wenyewe. Na mwalimu, katika shati zima, alivuta nini karibu na kioo? Kola yako hakuitaja, nisamehe. Alisifu matundu. Unasema hujui mtoto alijifunza wapi. Mtoto aliyekatazwa cherehani alibaki na nini cha kushika humo ndani? Sindano ya mkono. Alijifunzia hapohapo sebuleni, nyuma ya mgongo wako, na vidole vinamuuma kwa rula.

Kwa hiyo usingoje mwisho wa mwezi. Leo akirudi kazini, mpe nafasi avue viatu, kisha litandaze shati mezani umwonyeshe kwa kidole: hapa mimi, hapa mimi, hapa mimi, na ile zipu pia mimi. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize, na usianze kulia kwa sauti ili ageuke yeye wa kukubembeleza, nakujua. Akimaliza ndipo umwonyeshe matundu, umwambie hapa ni wewe, na useme hivyo kwa kiburi kilekile unachotumia kuwaambia wateja habari za ofisi.

Mwalimu aandikiwe ukweli, na aandike binti mwenyewe, hata alama zikiporomoka. Barua ya kuacha kazi mwombe airudishe kwenye droo mpaka aone kola yake mwenyewe inapata ngapi. Baada ya hapo akiitoa, ameitoa yeye, na wewe utanyamaza. Kisha ifumue ile kola mbele yake, mpe vipande, vuta kiti ukae pembeni na ukalie viganja vyako. Akiuliza, jibu. Asipouliza, kunywa maji. Ikitoka na masikio ya mbwa, apige picha ya mbwa huyo aitume kwa mwalimu.

Halafu ile aproni ya arobaini na moja iko wapi? Najua iko salama, kwa sababu alama zilitoka kabla hujaifikia. Itafute uivae unaposhona, uivae ilivyo, na wembe usiusogelee. Mteja akiinama akauliza ni fundi gani aliyeshona pindo linalosafiri namna hiyo, mjibu kwa sauti ileile ya siku zote: binti yangu.