Nilimng'olesha Mke Wangu Bustani, Sasa Jirani Anataka Sahihi Yangu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie na tafadhali usinicheke, maana mimi ni mtu mzima wa miaka sabini na moja na kinachoninyima raha ni mchicha. Miaka thelathini nilichora ramani manispaa, ofisi ya mipango miji, na kazi yangu hasa ilikuwa kupaka rangi, manjano ni makazi, kijani ni kilimo, na penye manjano huruhusiwi kupanda hata bamia, na mtaa huu ninaoishi niliupaka manjano kwa mkono wangu. Sasa marehemu mke wangu alikuwa mtu wa bustani, nyuma ya jiko kulikuwa na kipande kama cha mikeka mitatu, akapanda mchicha na nyanya, na kila nikirudi kazini ananitania, "Si wewe ndiye mwenye rangi? Nipakie kijani kidogo tu hapo nyuma," na mimi namjibu kwamba ramani si daftari la watoto. Siku moja mkuu wangu akasema atapita nyumbani kutusalimia, nikaona haya, nikamwambia mke wangu ang'oe vyote, naye akaving'oa mwenyewe huku mimi nimesimama mlangoni na faili kwapani. Hakugomba. Ila hakunitania tena habari za rangi mpaka anaingia kaburini, na hapo katikati ilipita miaka tisa.

Huu ni mwaka wa pili niko peke yangu. Watoto wako mbali, wanapiga simu Jumapili, tunaulizana kama mvua imenyesha, basi, imeisha. Redio naiacha inaongea kutwa ili nyumba isinyamaze, ndiyo maana nakijua kipindi chako. Sasa manispaa wanataka kubadili kanuni watu walime bustani kwenye viwanja vyao, Alhamisi kuna mkutano wa maoni, na rasimu inasema anayetaka kulima apeleke sahihi ya jirani anayepakana naye. Jirani yangu ni mama mmoja fundi cherehani, ndiye mtu pekee anayegonga mlango wangu, kila asubuhi anapita kuona kama nimeamka mzima. Akaja na karatasi, "Baba, nisainie hapa, nataka nipande mboga za wanangu." Nikamwambia, "Mwanangu, kanuni ni kanuni." Akasema, "Haya, baba," akaikunja karatasi yake. Wiki ya pili hii hajagonga.

Ukweli ni kwamba mkono uligoma, kwa sababu nikisaini leo nitakuwa nimekubali kwamba mke wangu nilimnyima bure. Na juzi natafuta sindano kwenye mkebe wake wa nyuzi, nikakuta vifurushi vya karatasi vyenye mbegu, na juu yake ameandika kwa mwandiko wake: Wakiruhusu. Nifanyeje, mshauri?

Mzee wa Ramani

*

Mzee wa Ramani, pole kwa kufiwa, na pole kwa hiyo nyumba iliyonyamaza. Sasa nivumilie, maana barua yako niliisoma mara mbili, ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikakasirika. Ndiyo, ulimnyima bure. Usitegemee nikwambie vingine. Lakini jirani yako kakosa nini? Mama wa watu anakugongea kila asubuhi kuhakikisha hujafa, na wewe unamsomea kanuni! Jamani, baba yangu!

Leo hii vaa viatu, ukagonge wewe. Usimwite wala usimtume mtu. Mwambie, "Naomba ile karatasi," usaini, kisha umweleze kilichofanya mkono ugome, yote, mpaka lile faili la kwapani. Alhamisi nenda mkutanoni ukayaseme hayo hayo. Wataalamu watakuja na michoro yao, lakini aliyepaka manjano ni wewe, watakusikiliza. Na hilo sharti la sahihi ya jirani waambie walitazame upya, kwa sababu umejionea jinsi mzee mmoja aliyegombana na nafsi yake anavyoweza kuwanyima watoto wa watu mboga.

Kuhusu mbegu, kanuni ikipita zipande. Sitakudanganya, zimekaa miaka mingi, huenda zisiote. Zisipoota usirudi ndani kujifungia na redio yangu, nenda kwa jirani umwombe miche. Kuomba ndiko kunakokushinda, anzia hapo. Na siku hiyo ukiwa nyuma ya jiko, umeinama na udongo mkononi, mwambie mkeo kwa sauti, hata kama hakuna wa kuitikia, kwamba ile kijani aliyokuomba umempakia. Halafu futa macho, umwagilie.