Nyuma ya Kabati la Mama

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye meza yetu ileile yenye mguu mfupi, ambayo mpaka leo inasimama kwa hisani ya kipande cha mbao. Natumaini kidonda kimekauka na unatembea bila kushika ukuta, kama shemeji alivyonieleza wiki iliyopita. Huku sote ni wazima. Wifi yako anakusalimu, watoto wanauliza shangazi atakuja lini, na Mama hajambo isipokuwa masikio, ambayo siku hizi yamekuwa ya kuchagua. Ukimwambia ameze dawa hasikii. Ukimsengenya jirani, anasikia kila neno akiwa jikoni.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu aliyekula maisha yake yote kwa mawimbi ya hewani. Nilijaribu kukuandikia kwenye simu mara nne, na mara zote nne nikafuta. Karatasi ikishaingia posta haifutiki.

Nianze na kazi. Unakumbuka enzi zile mtaa mzima hauna dishi, nikapanda juu ya bati la Mama na kufunga la kwanza, watu wakajaa sebuleni mpaka mlangoni kutazama mpira. Tangu siku hiyo nikawa Fundi Dishi. Miaka kumi na tisa nimetafuta setilaiti kwa shingo yangu hii iliyopinda. Mwenye nyumba anakaa ndani kazi yake ikiwa kupiga kelele kwamba picha imekuja, na kabla hajafunga mdomo mimi nimeshakaza nati na kushuka.

Sasa kazi hiyo inakwenda na maji, dada, wala sitii chumvi. Watu wamechoka na vifurushi vya chaneli mia ambazo wanatazama tatu. Wanaletewa waya mmoja wa faiba, ndani yake uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na humo humo inapita televisheni, intaneti na simu. Kila mtu anatazama anachotaka kwa saa anayotaka. Waya usipofika, kuna minara inayorusha intaneti hadi kwenye kijisanduku cha dirishani. Tena kuna vidishi vipya vinavyojitafutia setilaiti vyenyewe. Nimekiona kimoja kwa macho yangu. Kimewekwa uani, kikajigeuza kidogo kama kuku anayetafuta pa kutagia, kikatulia, na intaneti ikaja. Hakuna aliyepiga kelele kutoka ndani. Niliishika shingo yangu nikajiuliza ilipindia nini.

Na anayeuleta huo waya mtaani kwetu ni nani kama si kitindamimba wetu? Mimi ndiye niliyemfundisha kushika koleo. Nilimfundisha kumenya waya bila kuukwaruza moyo wake. Nilimfundisha kwamba ukimaliza kufunga kwa tepu nyeusi unaikunja ncha, ubaki ulimi mdogo wa kuvuta. Alikuwa ananibebea ngazi. Leo ana gari la kampuni lenye ngazi inayojikunja, na kofia ngumu yenye jina lake mbele.

Nitasema wazi, maana nimechoka kuzunguka: nilimwonea kijicho. Si kidogo. Akicheka nilihisi ananicheka. Akiniletea zawadi niliihesabu kuwa majigambo. Wifi yako aliniambia siku moja kwamba nikimtaja mdogo wangu ninauma meno, nikamjibu kwamba ni jino bovu.

Mwaka jana alimuunganishia Mama faiba, akafunga na kamera juu ya televisheni ili Mama akuone mzima mzima na kuisoma midomo yako, kwa kuwa simu ya vitufe haisikii. Nilisimama pale nikisifu. Moyoni lilinikaa donge. Zamani mvua ikinyesha picha ikaganda, Mama alikuwa ananiita. Nilikuwa napanda juu ya bati, nageuza dishi kidogo, nashuka, napewa chai, tunazungumza mpaka jioni. Faiba haigandi kwa mvua. Ilinyesha miezi mitatu mfululizo na sikuitwa hata mara moja. Nikienda mwenyewe, namkuta Mama anasimulia wageni habari za mhandisi wake. Ndivyo anavyomwita mdogo wetu. Mimi, niliyemfungia dishi la kwanza mtaani, nimebaki Fundi Dishi, na dishi lenyewe limekaliwa na njiwa.

Sasa siku ile. Wewe unaijua kwa upande wako: daktari alisogeza mbele upasuaji, ukapewa saa moja tu ya kujiandaa, ukataka kumwona Mama kabla hujaingizwa. Acha nikueleze upande wetu. Mama alivaa gauni la kijani, akapaka mafuta, akakaa mbele ya televisheni mikono magotini. Kwenye kioo palikuwa na kile kiduara kinachozunguka tu. Kitindamimba alikuwa mbali, anavuta nyaya mji mwingine. Mama akanigeukia akaniuliza kama naweza kuangalia. Nikamwambia mimi ni mtu wa madishi, hayo ya faiba siyajui. Akauliza kuhusu simu yangu ya picha. Nikasema bando limeisha. Ukapiga ile ya vitufe, na Mama, ambaye hakusikia hata neno moja, akawa anaitikia haya mwanangu, haya mwanangu, mpaka ulipokata. Kisha akaniuliza ulisema nini.

Aliendelea kukaa pale na gauni lake mpaka shemeji alipopiga kusema umetoka salama.

Kesho yake mdogo wetu alifika na vumbi la safari, hata maji hakunywa. Akatoa kipimo chake cha mwanga, akapima mlangoni, akapima dirishani, akasogeza kabati la vyombo. Mimi nilikuwa kwenye kiti na kikombe cha chai. Akapiga magoti nyuma ya kabati, akakaa hapo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha nikaona mkono wake ukivuta kitu mara moja na kukitia mfukoni, na taa nyekundu ya kisanduku cha faiba ikawa kijani. Mama akauliza ilikuwa nini. Akajibu kwamba ni kosa lake, siku ya kufunga aliupitisha waya vibaya. Akamwomba Mama msamaha. Mimi hakunitazama.

Mama akakueleza hivyo hivyo, nawe ukamwandikia mdogo wetu maneno yale. Najua yalivyokuwa kwa sababu alinionyesha Mama, si yeye. Ulimwambia kwamba uliingia kwenye kisu ukiamini humwoni tena mama yako kwa sababu ya uzembe wake, na kwamba asikupigie tena. Miezi mitatu sasa. Anapiga, hupokei. Mama anasema mtoto amekonda. Nami, Mungu anisamehe, wiki ya kwanza nilifurahi, maana Mama aliacha kumwita mhandisi.

Mwezi huu kampuni yao ilituita mafundi madishi wa zamani, ishirini na mmoja, tufundishwe faiba kabla hatujafa njaa. Tukakaa kwenye viti vya plastiki. Mwalimu akaingia, ni yeye. Akawaambia watu kwamba yule pale nyuma ni kaka yake na ndiye aliyemfunza kazi. Wakapiga makofi. Nilitamani sakafu inifungukie. Akaeleza kwamba uzi wa kioo si lazima ukatwe ndipo ufe. Ukipindwa sana tu, mwanga unamwagikia njiani na haufiki, na hakuna alama yoyote kwa nje. Kisha akachukua tepu nyeusi, akafunga waya kwenye mviringo mpana, akaikunja ncha. Akasema hilo hakulipata kwenye kitabu chochote, alifundishwa na kaka yake: unaacha ulimi, ili atakayekuja kufungua baada yako asipate shida. Alipolisema alikuwa anaiangalia mikono yake.

Dada, mimi ndiye niliyeupinda. Jumapili ile, siku moja kabla ya upasuaji wako, Mama akiwa uani, nilisogeza kabati, nikaukunja waya kama mtu anavyokunja kijiti cha ufagio, nikaufunga kwa tepu yangu. Sikujua habari za daktari wako. Nilitaka tu taarifa ya habari isitoke, Mama aniite, nipande juu ya bati kumrudishia dishi. Na mkono huu ulivyozoea kazi, hata kwenye uovu uliikunja ncha. Ndiyo aliyoiona. Hakuna mwingine anayekunja vile isipokuwa sisi wawili.

Lakini lile la Jumapili ningeweza kulitetea kwa ujinga. Lile la siku yako sina la kulisemea. Nilikuwa hatua nne kutoka kwenye kabati. Mvuto mmoja tu, ungemwona Mama. Nilikaa, kwa sababu kuufungua kungekuwa kujitaja, na kwa sababu kipande fulani cha roho yangu kilitaka Mama aone mhandisi wake anavyomwangusha. Na bando nililokuwa nalo lilitosha wiki nzima.

Sijamwambia Mama. Nitamwambia Jumapili hii, nikishajua barua imeondoka. Mdogo wetu sijamwambia pia, ingawa yeye anajua, na anajua kwamba najua. Sikuombi unisamehe. Nikasirikie kadiri roho inavyotaka, nimestahili. Ninachokuomba ni kwamba akipiga, upokee. Usimwambie lolote, pokea tu umsikie. Nitakuambia na hili la mwisho ili unijue vizuri: hata leo namwonea kijicho, na sasa si kwa gari wala kofia. Ni kwamba aliitia tepu ile mfukoni akanyamaza, nami nisingeweza.

Msalimie shemeji. Mpe pole kwa siku ile aliyokaa peke yake kwenye korido. Watoto wanakubusu mikono, na Mama anasema ule vizuri.

Bahasha nimeifunga kwa tepu nyeusi kwa kuwa gundi ilikuwa imekauka. Bila shaka umeifungua kwa mvuto mmoja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyuma ya kabati.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Dishi