Sumeya Hana Jini

Alhamisi, baada ya Alasiri. Joto la Garissa leo halina huruma.

Sasa hivi tu mwanangu Sumeya amekamata mwiko kwa mikono miwili, akainamisha kichwa hadi nywele zikamfunika uso, akanguruma. Mngurumo mzito kama wa ngamia dume. Kisha akaniangalia nimpigie makofi, kama kawaida yetu. Nikamziba mdomo. Ana miaka mitatu, hajui amekosa nini.

Aliyekosa ni mimi.

Mngurumo huo ni wa mwimbaji mmoja wa kike wa Japani, wa ile miziki ya magitaa ya kelele wanayoita hevi metal. Nilimpata kwenye simu Sumeya akiota meno, hanyamazi kwa lolote. Kwa huyo akanyamaza. Nikaanza kumfuatilia yule mama, nasoma maandishi ya chini ya video, mimi wa darasa la saba, nusu naelewa, nusu nakisia. Alikuwa akiuza mikate. Bendi za wanaume zilimkataa, ati mwanamke hana kifua cha kunguruma. Daktari akamwonya kwamba koo litaharibika. Akajifunza upya, sauti itoke tumboni. Alipozaa, wakasema amekwisha. Akarudi jukwaani shati limelowa maziwa, akaimba hivyo hivyo. Leo ni mtu mzima na kumbi zinajaa.

Nilimpenda kwa hayo maziwa.

Mume wangu yuko Banissa kwa biashara ya mbuzi. Hooyo, yaani mama yake, akienda sokoni, mimi na Sumeya tunabaki tukinguruma na kucheka.

Jana Hooyo alikuwa na wageni. Sumeya akasimama katikati ya mkeka, akawangurumia wote. Mama Fartun, jirani yetu, akasema, "Huyu akiolewa, bwana harusi atakimbia mpaka Mandera bila viatu." Wakacheka. Hooyo hakucheka. Alimkumbatia mtoto, akaanza kumsomea Ayatul Kursi kumkinga. Halafu akanigeukia.

"Umewahi kumsikia hivi?"

"La, Hooyo."

Neno dogo hivyo. Tangu jana mama wa watu hajala vizuri. Anaamini mjukuu wake ameingiliwa na jini, na wallahi ameniomba mimi msamaha, kwamba pengine ni yeye aliyemwacha nje wakati wa Magharibi. Leo Fartun hakuletwa kucheza na Sumeya. Ndivyo jina la mtoto linavyoharibika, polepole, nyumba kwa nyumba. Na Hooyo amemwita maalim aje kumsomea. Kusomewa Qur'ani hakumdhuru mtoto, hilo najua. Linaloniunguza ni kwamba watasoma kwa moyo safi, nami nitakaa hapo hapo na uongo wangu, niitikie amina.

Yule mwimbaji alisimama mbele ya wanaume waliomcheka. Mimi nimeshindwa mbele ya mwanamke mmoja anayenipenda.

Nikisema, ataniona vipi? Atampigia mwanawe simu kwamba mke wake anafundisha mtoto mambo ya ajabu? Labda. Labda pia ipo siku atacheka, inshallah. Lakini Sumeya asiitwe mtoto wa jini kwa sababu mama yake ni mwoga.

Maalim amefika, nasikia salamu mlangoni. Hooyo ananiita nilete maji. Ameita tena. Naenda, na kabla maalim hajakaa nitamwambia Hooyo kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mtoto kunguruma.